Mnyoo Akifa, Mguu Hubaki: Mhadhara Kuhusu Mfumo wa Limfu na Ugonjwa wa Matende

Hoja ninayokuja kuitetea mbele yenu inasemeka kwa sentensi moja: matende ni ugonjwa wa njia za limfu, na mnyoo ni mmoja tu kati ya wanaoziharibu njia hizo. Miongoni mwa wataalamu sentensi hiyo haina ubishi mkubwa. Ubishi huanza tunapoifuata hadi mwisho wake, kwa sababu anayeikubali hana budi kukubali pia kwamba kumuua mnyoo hakumponyi mtu ambaye mguu wake umekwisha kuvimba na kukakamaa. Katika pwani yetu, kuanzia Lamu na Kilifi hadi Tanga, Lindi na Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, watu wamegawiwa kingatiba za matende na mabusha mwaka baada ya mwaka, na waliozimeza wamefanya vyema kuzimeza. Hata hivyo mgonjwa wa matende ambaye hajakosa kumeza hata mwaka mmoja huamka asubuhi na mguu uleule. Vidonge havina kosa. Macho yetu yalimwandama mdudu, tukapasahau mahali alipokuwa akiishi. Mahali hapo ni mfumo mzima wa mwili, ambao shuleni hupewa nusu ukurasa baada ya kurasa nyingi za moyo na damu.

Kudharauliwa kwake ni kwa siku nyingi. Mwaka 1622 daktari wa Italia, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa hai aliyekuwa ameshiba, akaona nyuzi nyeupe zimetapakaa katika utando unaoshikilia utumbo. Alidhani ni neva, hadi alipoikata moja na kioevu cheupe kikachuruzika. Ilikuwa limfu iliyobeba mafuta ya chakula. Miaka sita baadaye William Harvey wa Uingereza alichapisha kitabu chake kuhusu mzunguko wa damu, kitabu kilichogeuza mwendo wa tiba. Na Harvey huyohuyo, aliyekuwa na jicho kali kuliko wenzake wengi, alikataa kwamba mishipa ya Aselli ina kazi ya maana. Mwaka 1651 Jean Pecquet wa Ufaransa alionyesha kuwa mishipa ile ya utumbo humwaga katika mfereji mmoja unaopanda kifuani hadi kwenye vena kubwa karibu na shingo. Muda mfupi baadaye Olof Rudbeck wa Sweden na Thomas Bartholin wa Denmark, wakigombea nani alitangulia, wakathibitisha kwamba mishipa ya namna hiyo imeenea mwilini kote. Mwaka 1787 Paolo Mascagni, baada ya kuijaza zebaki katika maiti, alichapisha michoro yake, akaonyesha kwamba ipo hata kwenye utando unaofunika ubongo. Hakusadikiwa. Ilipofika 2015 ndipo makundi mawili ya watafiti, moja la Virginia nchini Marekani na jingine la Helsinki nchini Finland, yalipoikuta katika utando huo kwenye panya. Zaidi ya miaka mia mbili ilipita kabla ya jambo lililokwisha chorwa kuaminiwa, na sioni sababu nyingine zaidi ya kwamba limfu haikuhesabiwa kuwa jambo la kutafutwa.

Tuanze na damu yenyewe. Moyo husukuma damu kwenye ateri, ateri hugawanyika hadi kuwa kapilari zisizoonekana kwa macho, na kuta za kapilari hizo huvuja. Lazima zivuje, kwa kuwa seli za misuli na ngozi hazigusani na damu. Huishi katika majimaji yaliyochujwa kutoka humo, nayo ndiyo yanayoziletea sukari, chumvi, oksijeni na kiasi fulani cha protini. Swali ni majimaji hayo yanarudi vipi. Mishipa ya limfu huanzia katikati ya tishu ikiwa imezibwa upande mmoja, na haipokei chochote isipokuwa kile kinachoizunguka. Ukuta wa mshipa wa mwanzo ni safu moja ya seli zinazolaliana ukingo kwa ukingo, na kwa nje seli hizo zimefungwa kwenye tishu kwa nyuzi nyembamba. Tishu zikijaa maji, nyuzi huvutika, kingo huachana, maji huingia. Shinikizo la ndani likipanda, kingo hujifunga. Mvuvi wa dema anaujua mpango huu, mlango wa kuingilia usiokubali kutokea. Katika mianya hiyo hupita pia vitu ambavyo kapilari ya damu haiwezi kuvirudisha: protini kubwa, matone ya mafuta, mabaki ya seli zilizokufa, bakteria, hata chembe za udongo zilizopenya ngozi. Hizo chembe za udongo tutazihitaji baadaye.

Kutoka hapo limfu huingia katika mishipa mikubwa zaidi yenye vali, hupita katika tezi moja au kadhaa, kisha hukusanyika. Miguu yote miwili, tumbo, mkono wa kushoto na upande wa kushoto wa kifua na kichwa humwaga katika mfereji wa kifua, wenye urefu wa sentimita 40 hivi, unaoungana na vena nyuma ya mtulinga wa kushoto. Mkono wa kulia na upande wa kulia wa kifua na kichwa vina mfereji wao mdogo. Limfu ya unyayo, basi, ndiyo yenye safari ndefu kuliko zote, tena safari ya kupanda.

Kwa karibu miaka mia moja vitabu vya fiziolojia vilifundisha kwamba safari hiyo ni ya ziada tu. Vilijengwa juu ya kazi nzuri ya Mwingereza Ernest Starling, aliyeonyesha mwaka 1896 kwamba protini za damu huvuta maji, na hivyo kila kapilari ina mvutano kati ya shinikizo linalosukuma maji nje na protini zinazoyavuta ndani. Juu ya msingi huo ulichorwa mchoro ambao wanafunzi wengi wa biolojia wameukariri: maji hutoka upande wa ateri na kurudi upande wa vena, kwa siku hutoka lita 20, lita 17 hurudi zenyewe, limfu hubeba 3 zilizobaki. Kwa mchoro huo limfu ni mwokota makombo. Lakini vipimo vilivyofanywa katika kapilari moja moja, pamoja na ujuzi mpya kuhusu tabaka laini linalofunika ukuta wake wa ndani, viliwafanya wanafiziolojia Rodney Levick na Charles Michel waifumue hesabu hiyo mwaka 2010. Katika tishu nyingi, mwili ukiwa katika hali yake ya kawaida, upande wa vena haurudishi maji kwa kudumu. Maji hutoka kidogo kidogo kwa urefu wote wa kapilari. Figo, utumbo na tezi za limfu zenyewe ziko nje ya kanuni hiyo. Kinachochujwa ni kidogo kuliko ilivyodhaniwa, takriban lita 8 kwa siku, ila karibu chote hupitia njia ya limfu: nusu hufyonzwa na damu ndani ya tezi, nusu humwagwa shingoni. Ukikumbuka kwamba plazma yote ya mtu mzima ni lita 3 hivi, utaona kwamba kiasi kinachozidi mara mbili ya plazma hiyo hutoka na kurejea kwa njia hii kila siku.

Mtu makini atapinga akisema kwamba hizi lita 8 ni makadirio, na kwamba sehemu ya hesabu, hasa ile ya maji yanayofyonzwa ndani ya tezi, imetokana na majaribio ya mbwa. Ni kweli, na huenda tarakimu ikabadilika tena. Hoja yangu haiegemei tarakimu hiyo. Hata mchoro wa zamani haukuwa na njia nyingine ya kurudisha protini. Kila siku kati ya robo na nusu ya protini zote za plazma huvuja kwenye tishu na kurudishwa na limfu. Zisiporudi, damu hupoteza uwezo wa kushikilia maji yake, na vitabu vya fiziolojia vimekadiria kwamba mtu angekufa ndani ya siku moja hivi. Mfumo ambao mtu hawezi kuishi siku mbili bila huo hauwezi kuitwa wa ziada, hata tukichagua kitabu cha mwaka gani.

Nani basi huisukuma limfu, ikiwa haina moyo? Kupumua husaidia, maana kifua kikipanuka huivuta. Misuli ya mguu husaidia kwa kuiminya mishipa tunapotembea. Lakini mishipa ya kukusanyia ina misuli yake yenyewe, na kila kipande kati ya vali mbili hujikaza kwa mpigo wake, kikisukuma limfu kwa kipande cha juu. Olszewski na Engeset, waliopima shinikizo ndani ya mishipa ya limfu ya miguu ya watu wenye afya na kuchapisha matokeo yao mnamo 1980, waliukuta mpigo huo hata mguu ukiwa umetulia. Hapa ndipo penye udhaifu wa mfumo mzima. Mshipa ukitanuka kupita kiasi, midomo ya vali haikutani tena. Limfu iliyopandishwa hurudi chini, uzito wake huutanua mshipa zaidi, na misuli ya ukuta huchoka. Uharibifu wa namna hii hujiendeleza wenyewe hata kama aliyeuanzisha amekwisha ondoka. Ninaomba jambo hili lishikwe kuliko mengine yote niliyosema mpaka sasa.

Ipo kazi ya pili ya limfu, nayo ni ulinzi. Mtu ana tezi za limfu kati ya 500 na 700 hivi, nyingi zikiwa ndogo kuliko harage, zilizojipanga kwapani, kwenye kinena, shingoni, kifuani na tumboni. Bandama, tezi ya thimasi na mafindofindo ya kooni ni wa ukoo huohuo. Mtoki unaojitokeza kwenye kinena baada ya kidonda cha mguu ni tezi iliyo kazini. Ndani yake seli zilizobeba vipande vya bakteria kutoka kwenye kidonda hukutana na limfosaiti, na ile inayokitambua kipande chake huzaliana kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 James Gowans wa Oxford aliitoa nje limfu ya mfereji wa kifua wa panya kwa siku kadhaa, akaona limfosaiti katika damu zikipungua sana. Alipozirudisha, zikaongezeka tena. Kwa kuzitia alama ya mionzi, yeye na wenzake walithibitisha kwamba limfosaiti zilezile hutoka kwenye damu, huingia kwenye tezi, hufuata limfu na kurudi kwenye damu, tena na tena. Kinga ya mwili ni doria, na barabara yake ni hiyohiyo inayorudisha maji.

Nafungua mabano kidogo, kwa kuwa siku hizi juisi, vidonge na masaji vinauzwa mitandaoni kwa ahadi ya kusafisha limfu. Limfu ya mtu mzima wa afya haina taka zinazongoja kusafishwa. Ina maji, protini, mafuta na seli, na vyote vinahitajiwa kwenye damu. Ukandaji wa kitaalamu una nafasi yake kwa mgonjwa aliyevimba, chini ya mtu aliyefunzwa. Mengine ni biashara.

Turudi kwenye hoja. Kutokana na kazi mbili za limfu, kurudisha maji na ulinzi, kutumia njia moja, kinafuata kile ambacho watu wengi hawakitarajii. Limfu ikikwama mguuni, mguu hupoteza vitu viwili kwa pamoja. Maji yenye protini hutuama, na protini zilizotuama huamsha seli zinazotengeneza makovu na mafuta, ndiyo maana uvimbe wa muda mrefu ukiubonyeza kwa kidole haubonyei tena. Wakati huohuo taarifa ya bakteria waliopenya ngozi haifiki kwenye tezi kwa wakati, na limfosaiti hazifiki kwenye ngozi kwa wingi unaotakiwa. Mguu huo unakuwa mahali pasipo na ulinzi wa kutosha ndani ya mwili wenye kinga kamili kwingineko. Mchubuko mdogo au fangasi kati ya vidole, ambao mtu mwingine asingeujali, kwake huleta homa kali, baridi, maumivu na mguu mwekundu wenye moto, na mtu hulala kitandani siku kadhaa. Kila shambulio la namna hiyo huharibu mishipa mingine iliyokuwa imesalimika.

Sasa tumlete mnyoo. Wuchereria bancrofti ni uzi mweupe. Jike lina urefu wa sentimita 8 hadi 10, dume nusu ya hapo. Joseph Bancroft alimpata mnyoo mzima mjini Brisbane mwaka 1876, na mwaka uliofuata Patrick Manson, akiwa Amoy nchini China, aligundua kwamba vijiminyoo vilivyo kwenye damu hukua ndani ya mbu. Katika pwani yetu mbu hao ni wa aina mbili kubwa: Anofelesi, yuleyule wa malaria, hasa vijijini, na Kuleksi anayezaliana kwenye maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro, hasa mijini. Bado yapo maneno kwamba madafu ndiyo yanayoleta mabusha. Waliosema hivyo waliona vizuri kwamba ugonjwa unafuata mwambao, lakini mwambao una mbu kama ulivyo na minazi. Minyoo wazima huishi miaka 6 hadi 8 ndani ya mishipa ya limfu, hasa ya miguu na ya korodani. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Recife nchini Brazil waliitumia ultrasaundi kuwaona minyoo hai wakijinyonganyonga ndani ya mishipa iliyotanuka ya wanaume ambao hawakuwa wakilalamika lolote, na vipimo vya kufuatilia mwendo wa limfu kwa dawa yenye mionzi vikaonyesha mwendo huo umeharibika hata kwa watu ambao miguu yao kwa macho ni mizima. Njia huharibika kwanza. Mguu hufuata baada ya miaka.

Hapa kuna pingamizi zuri. Ikiwa mishipa ya wenye minyoo wengi imetanuka, mbona walio wengi kati yao hawapati matende? Na kwa nini mgonjwa wa matende makubwa mara nyingi akipimwa damu usiku haonekani na kijinyoo hata kimoja? Pingamizi hili, badala ya kuidhoofisha hoja, linaipa nguvu. Kama mnyoo ndiye angekuwa ugonjwa, wenye minyoo wengi wangekuwa ndio wenye miguu mikubwa. Kinachotenganisha makundi haya mawili kwa sehemu kubwa ni mashambulizi ya bakteria juu ya mshipa uliokwisha dhoofika. Mnyoo alitanua njia, bakteria wakaivunja, na kufikia wakati mguu unafikia ukubwa wa kutazamwa na wapita njia, mnyoo yule wa kwanza huenda alikufa zamani.

Kama bado yupo asiyeridhika, tupande milimani, ambako mbu wa pwani hana kazi. Katika miaka ya 1970 daktari Ernest Price alishughulika na matende ya nyanda za juu za Ethiopia, mahali ambapo mnyoo wa matende haambukizwi. Wagonjwa walikuwa wakulima waliotembea pekupeku juu ya udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano, na ndani ya tezi za kinena Price alikuta chembe za madini ya udongo huo. Ugonjwa huo huitwa podokoniosisi. Mwaka 2015 wataalamu walichunguza matende katika wilaya ya Kamwenge, magharibi mwa Uganda, wakakuta ni huo, na kwamba wagonjwa waliishi nao miaka mingi bila kujulikana ni nini. Uchunguzi wa nchi nzima nchini Rwanda, uliochapishwa 2019, uliwakuta wagonjwa wake katika wilaya zote 30. Hakuna mnyoo, na mguu ni uleule, isipokuwa kwamba huu huanzia unyayoni na kwa kawaida hushika miguu yote miwili. Tuongeze mwanamke aliyetolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti, akavimba mkono miezi au miaka baadaye. Hana mnyoo, hana udongo. Ana kisu cha daktari, kilichomwokoa maisha na kukata njia ya limfu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 wapasuaji wamejifunza kuitafuta kwanza tezi inayopokea limfu ya uvimbe wa saratani kabla ya zingine, na kuziacha zilizobaki kama hiyo ni safi. Mikono inayovimba imepungua bila kupunguza waliopona. Wapo pia watoto wanaozaliwa na miguu iliyovimba katika familia zenye ugonjwa alioueleza William Milroy mwaka 1892, ambao wengi wao wana hitilafu katika jeni inayoongoza ukuaji wa mishipa ya limfu. Mnyoo, udongo, kisu na jeni havina uhusiano wowote isipokuwa mahali vinapogonga.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki maabara, linatoka kwenye bajeti. Wapangaji wa afya husema: fedha ni chache, na shilingi inayomzuia mtoto asiambukizwe ina faida kuliko shilingi inayomwosha mzee mguu. Siwezi kubisha faida ya kuzuia. Zanzibar ilianza kugawa ivermektini na albendazo kwa wakazi wake mwaka 2001, miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika, na maambukizi yalishuka sana. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980, Makunduchi kusini mwa Unguja ilionyesha njia kwa kutandaza chembe za plastiki nyepesi juu ya maji ya vyoo vya shimo ili Kuleksi asipate pa kuzaliana, sambamba na dawa, na vijiminyoo kwenye damu ya watu vikapungua kwa kiwango kikubwa. Ni kazi ya kujivunia. Lakini hoja ya bajeti inachukulia kwamba mgonjwa aliyebaki ni deni la zamani litakalojifuta lenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanaume milioni 25 wana mabusha yanayotokana na mnyoo huyu na watu zaidi ya milioni 15 wamevimba miguu au viungo vingine. Mabusha yana upasuaji unaoponya, na hayo nayaacha hapo. Mwenye matende hana upasuaji wa uhakika wa namna hiyo. Akiwa na umri wa miaka 35 leo, anaweza kuishi na mashambulizi ya homa miaka 40 baada ya mnyoo wa mwisho kuondoka wilayani kwake, na kila shambulio ni siku za shamba, za chombo au za biashara zilizopotea. Kuzuia kunamhusu ambaye hajaugua. Hakuna hesabu ya haki inayoweza kumlipa mmoja kwa kumfuta mwingine.

Watabaki wanaosema kwamba tiba yenyewe ni duni mno kuitwa tiba: maji, sabuni, kukausha kati ya vidole, mafuta ya ngozi, dawa ya fangasi, kuinua mguu, mazoezi ya kifundo, bendeji ya kubana, viatu, na dawa ya kuua bakteria shambulio linapoanza. Tazameni lakini kila kimoja kinagusa nini. Kuinua mguu kunaondoa uzito juu ya vali zisizofunga. Bendeji inaupa mshipa uliotanuka ukuta wa kuuegemea. Kifundo kikizungushwa, misuli ya mguu inafanya kazi ya mpigo uliochoka. Sabuni inafunga mlango wa bakteria mahali ambapo kinga haifiki. Ni fiziolojia tupu. Gerusa Dreyer na wenzake wa Recife ndio walioonyesha kwamba homa zile ni za bakteria wanaoingilia kwenye ngozi, na wakaifanya nidhamu ya kuosha mguu kuwa msingi wa matibabu. Ni haki kusema kwamba tafiti nyingi zilizofuata zilikuwa ndogo na hazikuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliokuwa nalo: wagonjwa karibu 700 wa podokoniosisi kaskazini mwa Ethiopia waligawanywa kwa kura, na waliopewa huduma hiyo mapema walipata mashambulizi pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko waliosubiri. Moja ya tano si muujiza. Kwa mtu anayeshambuliwa mara nyingi kwa mwaka ni siku nyingi za kazi, tena kwa vitu vinavyopatikana dukani. Kinyume chake, kuuchanja mguu ili maji yatoke, kama bado inavyofanyika mahali pengine, kunafungua milango kumi mahali palipokuwa na mmoja.

Masharti ya Shirika la Afya Duniani yako wazi juu ya jambo hili. Nchi inayotaka kuthibitishwa kwamba imetokomeza matende kama tatizo la afya ya jamii haionyeshi vipimo vya maambukizi peke yake. Hutakiwa kuonyesha pia makadirio ya wagonjwa wake na kwamba huduma kwao inapatikana katika maeneo wanakojulikana kuwapo. Togo ilithibitishwa mwaka 2017, Malawi mwaka 2020. Wilaya na kaunti zetu za pwani zina wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa kingatiba. Wahudumu haohao wapewe daftari la kuandika kila mwenye mguu uliovimba, wafunzwe kumwonyesha jinsi ya kuuosha na kuufunga, na zahanati iliyo karibu naye iwe na sabuni, bendeji na dawa ya bakteria kabla ya msimu ujao wa kugawa vidonge.